Maji Yanayopanda Kilima Borókaszék

Saa mbili asubuhi, na maji ya Gyöngyvér Bakos yanapanda kilima.

Hayapandi kwa ndoo wala kwa pampu. Yanapanda yenyewe, kwenye kioo cha kompyuta mpakato iliyowekwa juu ya meza ya jikoni, kati ya chupa ya achari ya matango na paka aliyelala. Vishale vidogo vya bluu, mamia kwa mamia, vinatoka kwenye mfereji ulio bondeni na kukwea kuelekea kwa Mjomba Dezső, kule juu kwenye mgongo wa mchanga, umbali wa kilomita mbili.

"Maji hayana akili hii," anasema Gyöngyvér, akijikuna kichwa kwa kalamu. "Au mimi ndiye sina."

Mama yake, ambaye kijiji kizima kinamwita Shangazi Vilma, anachungulia kioo huku akimenya kitunguu saumu.

"Si uyazime?"

"Hayazimwi, mama. Ni hesabu."

"Basi yaache yafike. Dezső ana ng'ombe wenye kiu."

Gyöngyvér, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, ndiye mfanyakazi pekee wa jumuiya ya watunza maji ya Borókaszék, kwenye nyanda za mchanga za Homokhátság, kati ya mito Danube na Tisza. Huko maji ya chini ya ardhi yamekuwa yakishuka tangu yeye hajazaliwa. Visima walivyochimba mababu vimebaki mashimo ya kutupia majani makavu.

Majira mawili ya baridi yaliyopita, jumuiya iliziba mfereji wa zamani kwa mbao na magunia ya mchanga, ili maji ya theluji yasikimbilie Tisza bali yazame ardhini. Kibali cha kizibo hicho kinaisha mwezi huu. Alhamisi, mhandisi wa ofisi ya maji ya mkoa atakuja kusikiliza. Asiporidhika, tingatinga litakizibua kizibo mwezi Machi, na theluji yote ya mwaka huu itakwenda zake kama mgeni aliyenyimwa chai.

Kwa hiyo jumuiya inahitaji ushahidi. Na ushahidi upo. Tatizo ni kwamba upo mwingi kupita kiasi.

"Nusu mita, binti yangu! Nusu mita!" anapiga kelele Kálmán Szirtes kwenye simu. Ni mwenyekiti wa jumuiya, mkulima wa ngano nyeusi, mtu ambaye hana haja ya simu ili asikike kijiji cha pili. "Kisima cha Dezső kimepanda nusu mita! Nimeshamwambia mtu wa redio!"

"Mjomba Kálmán, visima vingine vyote vimepanda upana wa vidole tu. Hicho kimoja kimeruka kama kimeumwa na nyuki."

"Ndiyo uzuri wake!"

"Kiko mbali na mfereji, tena juu. Maji yamefikaje?"

"Hilo si ndilo tunalokulipia utuambie?"

Wanamlipa forinti laki tatu na kidogo kwa mwezi. Kwa ujira huo anapokea vipimo vya visima kumi na vinne, alivyoviandika namba kwenye mabomba kwa mkono wake, kutoka kwa wakulima wenyewe. Kila mmoja amepewa tepu ya kupimia yenye kijibomba cha filimbi mwishoni. Unaiteremsha kisimani, ikigusa maji inalia fyuu, unasoma tepu kwenye mdomo wa bomba, unatuma meseji. Hata mlevi anaweza, na Gyöngyvér anasema jambo hilo limeshathibitishwa.

Vipimo hivyo anavilisha kwenye modeli. Modeli ni Borókaszék nzima iliyokatwa vipande vya mraba kama sinia la keki, kila kipande kikiulizwa: umepokea maji kiasi gani, na jirani yako umempa kiasi gani? Programu inayouliza maswali hayo inaitwa MODFLOW. Iliandikwa na ofisi ya serikali huko Marekani na kutolewa bure. Anaiongoza kwa zana nyingine ya bure, FloPy, inayotumia Python, lugha ya kompyuta yenye jina la nyoka. Shangazi Vilma alipolisikia jina hilo mara ya kwanza, alinyunyiza maji ya baraka kwenye kibodi.

Gyöngyvér hakusomea haya chuoni. Alikuwa msaidizi wa wapima barabara, yule anayesimama juani ameshika mti wa kupimia huku wenzake wakibishana kivulini. Aliporudi kijijini kumtunza mama, alijifunza kwa masomo ya bure ya mtandaoni. Programu yake ya kwanza ilihesabu mayai ya kuku wa nyumbani. Ilikosea kila Jumapili, na mpaka leo hajui kwa nini.

"Nilipoomba bei ya programu za kununua, nilidhani wamenitumia namba ya simu," anasema. "Hizi huria, unachukua tu. Ukikwama, unauliza hadharani, mbele ya dunia nzima. Aibu ya mwezi wa kwanza tu, baadaye unazoea."

Juma hili ameuliza hadharani. Ameweka modeli yake yote kwenye jukwaa la watumiaji, na vipimo vyake, na picha ya vishale vinavyokwea. Mtu wa Utrecht amemwambia apunguze ukubwa wa vipande vya keki. Amepunguza, vishale vimeongezeka. Mwanafunzi wa Brazili amesema toleo lake la zana limepitwa na wakati. Amelibadilisha, programu imegoma kuwaka hadi jana saa saba mchana, na ilipowaka, maji yakakwea kilima kwa kasi zaidi.

Mtu wa tatu, asiyetaja hata nchi yake, ameuliza swali moja tu: "Bomba la kisima hicho lina urefu gani juu ya ardhi?"

Gyöngyvér amecheka. Bomba la chuma, limezamishwa ardhini na kumwagiwa zege, lina sentimita tisini na mbili. Alilipima mwenyewe siku lilipowekwa. Amejibu hivyo, kwa adabu, na kusonya.

Simu inalia tena. Ni Mjomba Dezső mwenyewe.

"Gyöngyi, unakuja au huji? Nguruwe ameshakatwakatwa. Soseji zinangoja."

Kwa watu wa Borókaszék, siku ya kuchinja nguruwe haikwepeki kwa kisingizio cha kompyuta. Gyöngyvér anafunika kioo, anavaa buti.

Uani kwa Dezső Halmos kuna mvuke, theluji iliyokanyagwa ikawa tope, na majirani kama kumi wenye mikono iliyojaa paprika. Dezső ana miaka sabini na mmoja na kofia ya manyoya asiyoivua hata kanisani. Anamkabidhi glasi ya pálinka, pombe kali ya matunda, kabla hajamaliza kusalimia.

"Kunywa. Halafu niambie, hiyo mashine yako inasema nina maji?"

"Inasema una nusu mita zaidi, mjomba."

"Mbona pampu yangu inatema hewa? Asubuhi nimewanywesha ng'ombe kwa tangi la kuvuta na trekta. Iambie mashine ije imshike ng'ombe mmoja pembe, wazungumze."

"Lakini vipimo ni vyako!"

"Na ni sahihi! Nateremsha filimbi, inalia, nasoma kwenye mdomo wa bomba kama ulivyonifundisha. Niliwahi kukudanganya mimi?"

"Ulisema una miaka sitini ulipokuwa unamtaka mjane wa posta," anaingilia Shangazi Ibolya, dada yake, huku akikoroga sufuria.

Watu wanacheka. Gyöngyvér hacheki. Amechanganyikiwa zaidi kuliko asubuhi, na sasa na pálinka imo. Kisima kina maji zaidi, lakini hakina maji. Mpimaji ni mkweli, lakini kipimo hakiwezekani. Anasogea kwenye jiko la chuma kupasha mikono joto. Juu yake sufuria kubwa inayeyusha mafuta ya nguruwe, na makoko ya nyama, ya dhahabu, yanaelea. Moshi unapanda vizuri kupitia dohani, ambayo mwaka jana ilikuwa fupi na kumtoa kila mtu machozi.

Dohani imerefushwa. Kipande cha juu ni kinene kuliko cha chini. Kimechomelewa vizuri. Kina rangi ya bluu iliyobabuka kwa joto, na katikati ya bluu hiyo, kwa mwandiko wa Gyöngyvér mwenyewe, kuna namba tisa.

Anaitazama kwa muda. Namba tisa nayo inamtazama.

"Mjomba Dezső."

"Naam, binti yangu."

"Hii dohani umeitoa wapi?"

"Hiyo? Kisimani." Anasema kama mtu aliyeulizwa mayai ameyatoa wapi. "Lile bomba lilikuwa limesimama refu bila sababu. Trela ililigonga mara mbili. Nikachukua grenda Novemba, nikakata nusu, na Ibolya hatoki machozi tena."

"Ulikata kisima cha upimaji?"

"Kisima sikukigusa! Nilikata bomba. Kisima kiko chini."

Majirani wote wanageuka, kwa sababu Gyöngyvér ameketi kwenye tope na kuinamisha kichwa, mabega yakitikisika, na hakuna anayejua kama analia au anacheka. Shangazi Ibolya anamletea mkate wenye mafuta ya nguruwe, dawa ya yote mawili.

Kisha anainuka, anaazima tepu, na kupima dohani inayofuka moshi, akiunguza vidole, huku majirani wakimpa ushauri. Sentimita arobaini na saba. Maji hayakupanda hata kidogo. Mdomo wa bomba ndio ulioshuka kuyafuata.

Kálmán, aliyekuja kula, ameelewa haraka kuliko wote. Anamvuta pembeni, karibu na zizi.

"Sikiliza. Alhamisi mtu wa mkoa anakuja. Nusu mita ni nusu mita. Nani atajua?"

"Modeli iko wazi mtandaoni, mjomba. Mtu yeyote duniani anaweza kuiangalia."

"Dunia nzima inakiangalia kisima cha Dezső?"

"Wapo kama wanne."

"Wanne! Na huyo wa mkoa ni mmoja wao?"

"Hapana."

"Basi!"

"Nikinyamaza, yale maji yataendelea kupanda kilima," anasema Gyöngyvér. "Na mimi ndiye ninayeamka nayo kila asubuhi."

Kálmán anatafuna makoko kwa hasira. "Tukizibuliwa mfereji, utamwelezea mke wangu wewe."

Mchana huo, vidole vikinuka paprika, Gyöngyvér anasahihisha mstari mmoja wa vipimo na kuandika maelezo pembeni, ambayo sasa yeyote anaweza kuyasoma: sentimita arobaini na saba zimeondolewa, ni dohani. Anawasha modeli. Vishale vinageuka, kimoja baada ya kingine, na kuanza kushuka bondeni kama maji yenye adabu zake.

Kinachobaki ni kidogo. Karibu na mfereji, kizibo kimeinua maji sentimita tisa. Kadiri unavyokwea, faida inapungua. Kwa Dezső hakuna kitu.

Alhamisi, nyumba ya utamaduni, ukumbi wa kijiji, imejaa. Mhandisi Szilvia Harangozó wa ofisi ya maji anavua glavu, anafungua jalada lake.

"Nilisikia redioni kuhusu nusu mita. Iko wapi?"

Gyöngyvér anasimama. Kálmán anafumba macho.

"Iko uani kwa Mjomba Dezső, mheshimiwa. Inakausha soseji."

Inabidi aeleze mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza kicheko kimefunika maneno. Mhandisi naye anacheka kidogo, kisha anaacha.

"Kwa hiyo mmebaki na sentimita tisa. Kwa modeli mliyoitengeneza wenyewe, ninyi mnaotaka kibali."

"Ndiyo. Na unaweza kwenda nayo."

"Kwenda nayo kivipi? Nikiletewa modeli huwa naletewa picha. Kuifungua kwenyewe, ofisi haina leseni."

"Hii haina leseni ya kununua. Yote imo humu, na vipimo vyote." Anampa kijiti cha kumbukumbu cha kompyuta, chenye alama ya kidole cha mafuta. "Ijaribu. Ivunje ukiweza."

Mhandisi anakigeuzageuza mkononi kama mtu aliyepewa kifaranga. Hakusema ndiyo wala hapana. Ameondoka nacho, pamoja na furushi la soseji alilolikataa mara tatu.

Kwa juma zima, Borókaszék haikujua isimame upande gani. Kálmán hakumsalimia Gyöngyvér dukani. Kisha alimsalimia, kisha akakumbuka kwamba hamsalimii.

Jumatano, simu ililia.

"Nimepunguza mvua kwa nusu," alisema mhandisi, bila salamu. "Nimebadilisha mchanga. Nimeweka kiangazi juu ya kiangazi. Tisa ikawa sita, sita ikawa tano. Kufa haifi hiyo sentimita yako. Nawaongezea majira mawili ya baridi. Lakini mabomba yote myapime upya, tafadhali."

Kizibo kimebaki. Kálmán anamwambia kila mtu kwamba ukweli lilikuwa wazo lake.

Mtu mmoja tu hajapata kitu. Gyöngyvér alikwenda kumwambia mwenyewe, modeli ikiwa kwenye kompyuta, na wakaketi karibu na lile jiko.

"Kwa hiyo kwangu maji hayaji," alisema Dezső.

"Kwa kizibo hiki, hapana. Lakini tazama." Akaweka kizibo cha pili kwenye modeli, juu zaidi, pale mfereji unapopita kando ya mgongo wa mchanga. Vishale vikasita, vikajikusanya. "Hiki kikijengwa, kisima chako kitaanza kupata maji. Taratibu."

"Taratibu kiasi gani?"

"Miaka sita."

Dezső alihesabu kimya, midomo ikicheza. "Nitakuwa na sabini na saba. Si mbaya. Nitakuwa nimeshazeeka vya kutosha kunywa maji."

Hicho kizibo cha pili ndicho Gyöngyvér anachokitaka sasa. Ombi lake litakwenda mkoani kiangazi hiki, na modeli yake itakwenda nalo, wazi kama ilivyo. Kazi haijaisha kumchanganya. Kisima namba nne kinashuka kila Jumamosi na hakuna anayejua sababu, na yule mwanafunzi wa Brazili anauliza soseji zinapikwaje. Kwenye maelekezo ya wapimaji ameongeza swali jipya: tangu mara ya mwisho, bomba limegeuzwa kuwa kitu kingine?

Asubuhi ya kwanza ya Machi, saa mbili, simu inatetemeka kando ya paka. Ni meseji ya Mjomba Dezső: mita tano na sentimita kumi na nne, kutoka mdomo wa bomba.

Na chini yake, mstari wa pili: "Bomba lipo. Nimelala macho nikililinda."