Kufundishwa Gobore na Mkwe

Nyani hawamwogopi mwanamke. Niliambiwa hivyo kabla sijaolewa kule Kibaoni, nikaona ni maneno ya wanaume tu. Msimu wangu wa kwanza pale, katikati ya miaka ya tisini, nikajionea mwenyewe. Nilipiga debe, nikarusha mawe, nikapiga kelele mpaka koo likakauka, na dume lao limekaa juu ya kichuguu linamenya hindi na kunitazama kama mtu anayesubiri nimalize. Nikavaa suruali ya mume wangu. Likaitazama suruali, likaendelea kula.

Mume wangu alikuwa Ikola ziwani, kwenye dagaa, na asingerudi kabla ya mavuno. Mpunga wetu ulikuwa umekauka mwaka ule, kwa hiyo mahindi yale ndiyo yalikuwa chakula chetu, mimi na wakwe zangu wawili, mpaka msimu mwingine. Yakiisha, tumekwisha.

Baba mkwe alikuwa na gobore lenye kibali, na zamani alikuwa mwindaji wa kusifika. Sasa alisema macho yake yameingia vumbi. Vumbi gani hilo la mwaka mzima, sikuuliza. Alisema mkamwana, yaani mimi, ajifunze.

Haya. Atafundishwa na nani? Na baba mkwe mwenyewe. Na kwetu mkwe ni mkwe. Hamshikani mikono, hamkaribiani, hamtazamani usoni, na neno lake linakufikia kwa kupitia mtu mwingine. Mtu huyo alikuwa mama mkwe, ambaye bunduki hajawahi kuigusa maishani mwake.

"Mwambie aweke kitako begani," baba alisema, amesimama hatua kumi kutoka nilipo, uso kaugeuzia pembeni.

"Anasema weka kitako begani," mama alisema, kana kwamba mimi ni kiziwi.

"Ameweka?"

"Ameweka. Ila kiko chini."

"Mwambie apandishe."

Basi ni hivyo hivyo tangu asubuhi. Kila nilichofanya mama alikitangaza kama mpira redioni: amechuchumaa, amefumba jicho, anajikuna. Mtu kasimama pale pale, ya nini kuambiwa kwamba ninajikuna? Nilichoka na wote wawili, lakini nilinyamaza, maana mkamwana mwenye mdomo habari zake zinafika mpaka Mpanda mjini.

Na msidhani nilikuwa ninapiga. Wiki tatu sikufyatua hata mara moja, kazi yangu ilikuwa kusafisha. Maji ya moto ndani ya mtutu, yanatoka meusi yananuka yai viza. Tambara kwenye mdeki, ile fimbo ya kushindilia, unasugua mpaka mkono unakufa ganzi. Halafu kukausha juani, halafu mafuta ya nyonyo, halafu kulitundika juu ya jiko lisipate unyevu. Baba akiletewa hatazami ndani. Ananusa mdomo wa mtutu, anapitisha kidole, anasema, "Mwambie arudie." Nilirudia mara nne kwa siku moja. Nilimchukia, nasema kweli.

Tulipofika kwenye kushindilia ikawa afadhali kidogo. Baruti kutoka kwenye pembe, tambara, goroli za baiskeli, tambara tena, kisha unagonga kwa mdeki. Alisikiliza mlio tu. "Mwambie bado." Nagonga. "Mwambie bado." Siku niliyoruhusiwa kupiga, kwa wasiwasi nilisahau kuuchomoa mdeki, nikaufyatua wenyewe, ukaruka ukapotelea kwenye mihogo. Tuliutafuta mimi na mama mchana kutwa, tukitambaa. Baba alikaa kwenye kigoda chake, hakunyanyuka hata kwa adabu, na nilimwona mtu mwenye roho mbaya.

Nyani walikuwa wameshamaliza mistari ya upande wa kilima. Asubuhi moja mama alikwenda mashineni kusaga, na saa nne hivi nikasikia mabua yanavunjika. Nikalichukua gobore, nikashindilia mwenyewe, nikapachika fataki ya kuwashia baruti. Baba alikuwa nyuma yangu uani, kimya, maana hakukuwa na wa kumtuma aniambie kitu. Nikalenga dume lile. Nikavuta.

Fataki ikalia, gobore likanyamaza.

Nilifundishwa kwamba likigoma usiligeuze, liache limeelekea huko huko na uhesabu mpaka uchoke. Nililijua hilo. Lakini nilikuwa nimejaa hasira kwa ajili ya mahindi, kwa ajili ya wiki tatu za mambo ya mwambie, mwambie. Nikakibwaga kitako chini, puu, nikainama kuchungulia kwenye mdomo wa mtutu nione kama baruti ilishuka.

Nikasikia miguu inakimbia, na kigoda kinapigwa teke. Mkono ukaniparamia usoni, vidole vyake vikaingia mpaka kwenye meno yangu, halafu ukashuka begani ukanisukuma, nikaanguka kando. Na gobore likalipuka. Nilikuwa chini, masikio yanalia, moshi umejaa ua mzima, na baba mkwe amesimama juu yangu. Mkwe wangu alikuwa amenishika uso.

Nikataka kumpigia kelele. Sijui hata ningesema nini, nilitaka tu kupiga kelele.

"Wamekwenda?" akauliza.

Aliniuliza mimi, mwenyewe, kwa kinywa chake. Na uso wake ulikuwa umeelekea mtoni. Nyani walikuwa wanapanda kilima, upande mwingine kabisa, kundi zima, peupe, jua linawaka. Hata mtoto angewaona.

Ndipo nikaelewa. Haoni. Siyo haoni vizuri, haoni kitu. Alinikimbilia kwa kufuata kishindo cha kitako tu. Na mama alijua, na kila alipotangaza ninachuchumaa, ninajikuna, alikuwa anamwonyesha. Mtu kakaa kwenye kigoda wakati tunatafuta mdeki, mimi nambebesha roho mbaya. Niliona aibu.

"Wamekwenda, baba," nikasema. "Wamepanda kilimani."

Akageukia kilimani, taratibu, kwa kufuata maneno yangu.

Mama aliporudi na ndoo ya unga hatukumsimulia kitu. Kesho yake tukatoka uani kama kawaida, yeye kule, mimi huku, mama katikati.

"Mwambie amimine baruti," baba alisema.

Mama akafungua kinywa. Nikamwahi.

"Anamimina," nikasema kwa sauti, nimetazama pembeni. "Amejaza kipimo. Sasa anachukua tambara."

Mama aliniangalia, kisha akaenda kukaa kivulini.