Kikombe Chenye Kiazi

Kazi yangu ni kuonja kahawa, na nyumbani kwetu hakuna anayeamini kwamba hiyo ni kazi. Dada yangu aliyebaki Karagwe, kila akipiga simu, lazima aulize kama bado wananilipa kwa kunywa. Nimechoka kumweleza kwamba sinywi, natema. Hapo ndipo anacheka zaidi. Kulipwa kwa kunywa anaweza kuelewa, lakini kulipwa kwa kutema, hilo anasema ni mambo ya Kigali.

Maabara yetu iko Kicukiro, juu ya duka la vigae. Kahawa zinatufikia katika vifuko vidogo, kila moja na eneo lake, haijachanganywa na ya jirani: ya vilima vya Ziwa Kivu, ya Kayanza kule Burundi, ya Nyeri, ya Sidama, ya Mbinga. Tunazikaanga, tunazisaga, tunazimwagia maji ya moto, tunasubiri, kisha tunaizunguka meza na vijiko mkononi. Hakuna ruhusa ya kusema neno wala kukunja uso mpaka kila mtu amalize kuandika alama zake, maana uso wa mwenzako unaweza kukuharibia ulimi. Sauti pekee inayotakiwa ni ile ya kuivuta kahawa kutoka kwenye kijiko, tena kwa nguvu, itawanyike mdomo mzima.

Hilo la kuvuta lilinitesa. Mama yangu, Mungu amrehemu, alitulea tukijua kwamba binti anayekunywa kwa kelele hajafundwa. Siku zangu za mwanzo nilikuwa naonja kimya kimya, kijiko kikigusa mdomo kwa aibu, mpaka mkuu wetu wa meza, mama mmoja aliyekulia Uganda na asiyejua kuzunguka maneno, akaniambia, "Wewe unakunywa kama uko kwa wakwe. Hapa iko kazi. Vuta." Nikavuta. Siku hizi nawashinda wote kwa kelele.

Na sijisifu bure, pua ninayo. Kahawa ya Sidama nitakutambulia ikiwa bado kavu, inanukia maua kabla hata maji hayajachemka. Ya Nyeri inang'ata pembeni mwa ulimi kama zambarau. Ya Mbinga ni pole, ina utamu wa sukari guru. Za hapa kwetu, zikiwa nzuri, zina ganda la chungwa kwa mbali na zinaacha mdomo safi. Zikiwa mbaya, zina kiazi.

Kiazi ndicho kinachotunyima usingizi sisi tunaofanya kazi hii katika nchi hizi za maziwa. Mdudu anatoboa tunda la kahawa likiwa bado mtini, na punje moja tu inashika harufu ya maganda ya viazi vibichi. Kwa macho huioni. Isage pamoja na nyingine, kikombe kizima kimekwisha, ila kikombe cha pembeni, cha gunia hilohilo, kinaweza kuwa safi kabisa. Kwa hiyo kahawa moja tunaijaza vikombe kadhaa na kila kikombe tunakisagia peke yake. Ukishasikia kiazi, unakitenga kikombe na kuisafisha mashine.

Sasa nimfikie Baba. Anaishi na mimi Kabuga tangu Mama alipotutoka. Ni mtu wa maneno machache, mashati yake anapiga pasi mwenyewe, na ukimpa chochote, hata glasi ya maji, anakipokea kwa mikono miwili na kusema murakoze, yaani asante, kama mgeni. Tumekulia ugenini Tanzania, lakini yeye adabu ya Kinyarwanda aliibeba nzima nzima na hakuangusha hata kipande njiani.

Hofu yangu ilianza na maziwa. Asubuhi moja nilimmiminia kikombe huku kiatu kimoja kiko mguuni, basi la kwenda mjini halimngoji mtu. Jioni niliporudi, harufu ya yaliyobaki kwenye jagi ilinipokea mlangoni. Yangekuwa mgando nisingejali, mgando tunaupenda. Haya yalikuwa yameoza. Nikamuuliza, "Baba, yale maziwa ulikunywa?"

"Nilikunywa, mwanangu. Murakoze."

"Yalikuwaje?"

"Mazuri," akasema. Kikombe kilikuwa kimeoshwa na kufunikwa.

Nikajiambia ni bahati mbaya, mtu hawezi kuoza pua kwa siku moja. Kisha likaja la maharage. Ilikuwa Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, mtaa mzima tuko barabarani na majembe tunasafisha mfereji. Mimi, kwa akili zangu, nilikuwa nimebandika maharage jikoni nikidhani nitarudi upesi, nikasahau kwamba baada ya kazi kuna mkutano, na mkutano wetu una watu wanaopenda kuongea. Jirani ndiye aliyeona moshi unatoka dirishani kwangu. Tulikimbia sote. Sufuria ilikuwa nyeusi, moshi umejaa hadi sebuleni, na Baba amekaa kwenye kiti chake, redio sikioni, ametulia. Jirani aliitoa sufuria nje kwa kanga iliyoloweshwa. Baba akasimama, akamshukuru kwa mikono miwili, akamkaribisha kiti, akaomba radhi kwa usumbufu. Ilichukua wiki mapazia kuacha kunuka.

Nisingeogopa hivyo kama si maneno ya daktari. Nilimpeleka Baba kwa ajili ya magoti tu, na daktari katika kuuliza akauliza, je, mzee anasikia harufu vizuri? Nikataka kujua kwa nini. Akasema kwamba pua ya mzee inaweza kufa kwa sababu nyingi, lakini wakati mwingine inatangulia, na nyuma yake unafuata usahaulifu. Akasema nisiwe na wasiwasi. Sijui kwa nini wanapenda kulitoa neno hilo mwishoni, baada ya kumaliza kukutia wasiwasi. Baba Mkubwa, kaka yake Baba, ndivyo alivyoanza. Alikuwa anakula chakula kilichochacha na kusema kitamu, nasi tukamcheka. Alipofariki kule Karagwe alikuwa hawajui tena watoto wake, alimwita binti yake "mama" na kumwomba amrudishe kwao.

Basi nikawa simwoni tena Baba, naona dalili tu. Akiitafuta miwani, moyo unanipiga. Akirudia hadithi, nahesabu kama ni mara ya pili. Kazini nilianza kukosea. Niliipa kahawa ya Nyeri maneno ya Kayanza, na mkuu wa meza akanirudishia karatasi yangu niandike upya.

Nikaamua kumpima Baba kwa njia ninayoijua. Nilirudi na vifuko vya mabaki: Sidama, Nyeri, na kidogo ya ile kahawa nzito ya Karagwe, ambayo mezani kwetu nalazimika kuipa alama za chini ingawa ndiyo harufu ya utoto wangu. Nikampikia zote, nikazipanga mbele yake. Nilitegemea ile ya Karagwe imwinue kwenye kiti. Akanywa ya kwanza, kimya, bila hata tone la sauti. "Nzuri." Akanywa ya pili. "Nzuri." Ya tatu akainywa taratibu zaidi, nikamsogelea. "Ikoje hii, Baba?"

"Nayo ni nzuri. Umejisumbua sana, mwanangu."

Nilitaka kulia kwa hasira. Ndipo nilipoona ujinga wangu: huyu mtu hajawahi kukisema vibaya kitu alichopewa. Kwake yeye, kupewa kinywaji na kukitia kasoro ni kumtukana aliyekupa. Hata kwenye harusi moja tulipopewa wali mbichi, yeye alimaliza sahani na kumsifu mpishi. Ningempangia vikombe vya dunia nzima, vyote vingekuwa "nzuri". Na mtu asiyesikia chochote naye angesema nzuri. Nilihitaji kikombe ambacho mwenye pua hawezi kukimeza.

Nikakipata wiki hiyohiyo. Tulikuwa tunapima kahawa ya Kivu, tumeshasaga, tunainusa kavu, na kikombe kimoja kikanipiga usoni kabla sijainama. "Hii iko na kiazi," mkuu wa meza akasema. "Tupa." Badala ya kuitupa niliifunga kwenye karatasi, nikaitia kwenye kopo la majani ya chai, na kopo nikalifunga kwa mfuko. Kwenye moto, pikipiki ya abiria, kutoka Kicukiro hadi kwenye basi, nililikumbatia mkobani kama nimeiba.

Jumapili, tuliporudi kutoka kanisani, nikapanga vikombe vitatu sebuleni. Viwili kahawa safi ya Kivu, cha tatu ya gunia hilohilo, ile yenye kiazi. Chini ya hicho nilikuwa nimebandika kipande cha plasta. Sisi wenyewe tunapimana hivi kazini: viwili sawa, kimoja tofauti, mtu akitafute. Nilimwaga kidogo kwenye kitambaa.

"Baba, nisaidie kazi. Viwili vinafanana, kimoja hapana. Nitafutie kisichofanana."

"Sawa," akasema. Akakiinua cha kwanza mpaka karibu na uso, akaonja, akakiweka. Akainua cha pili, akaonja, akakiweka. Akachukua cha tatu, chenye plasta. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili wa meza na harufu ya maganda mabichi ilinifikia hapo nilipo. Nikamkazia macho, nikisubiri akunje hata nyusi. Hakukunja. Akaonja, akatulia, kisha akaendelea kunywa. Alikunywa polepole, funda baada ya funda, mpaka mwisho, akakirudisha kikombe kwenye sahani yake.

"Nzuri," akasema.

Niliinuka nikaenda jikoni, nikafungua bomba ili asisikie, nikalia. Nilimwona Baba Mkubwa amekaa uani anamwomba binti yake amrudishe kwa mama yake. Nilijiuliza nani atakayenijua mimi siku Baba akiacha kunijua, maana Mama hayupo, na jina nililoitwa utotoni analijua yeye tu na dada yangu.

"Njoo unywe, inapoa," Baba akaita.

Nikafuta uso, nikarudi. Vile vikombe viwili safi alikuwa amevisogeza mbele ya kiti changu, vimepangwa, vishikio vikiangalia upande wangu.

"Hizo ndizo zako," akasema. "Ile nyingine ilikuwa na viazi."

Nikasimama pale. "Umesemaje, Baba?"

"Viazi vibichi. Sijui mmeikaanga na nini huko kwenu."

"Sasa kwa nini umeimaliza?"

Akanishangaa. "Sasa angeinywa nani?"

Nikakaa. Nilicheka, nadhani, na machozi yakarudi, na yeye akawa ananitazama kama mtu anayetafuta leso. Nikamuuliza juu ya yale maziwa, nikijua tayari.

"Yalikuwa yameoza," akasema.

"Na ukaniambia mazuri."

"Ulikuwa unakimbilia basi, mwanangu."

Nilimpenda kiasi cha kutaka kumpiga. Miezi hiyo yote ya kulala macho wazi, kumbe pua yake ni nzima kuliko yangu, anameza tu na kuosha kikombe. Nikawa mwepesi, nikataka kulimaliza lote palepale, tulicheke na kulizika. "Na maharage je? Siku ile ya umuganda. Moshi nao uliusikia ukanyamaza?"

Baba akakitazama kikombe kilichokwisha, kisha akanitazama mimi.

"Maharage gani?" akasema.

Alisema kwa upole, kwa uso uleule aliosemea "nzuri". Mimi ninayelipwa kwa kutambua kijiko kwa kijiko nilitafuta kwenye uso huo kitu cha kushika, sikupata. Sufuria niliiacha mimi. Inawezekana aliikumbuka vizuri na alikuwa ananifichia aibu yangu, kama alivyoyanywa maziwa. Inawezekana pia moshi wote ule, na jirani na kanga yake, na yeye mwenyewe akishukuru kwa mikono miwili, vilikuwa vimeshamtoka. Sikuwa na kikombe cha kupimia hilo.

Sikurudia kuuliza. Nikavuta kiti, nikachukua kikombe kimoja kati ya vile alivyoniachia, nikanywa bila kutoa sauti, kama Mama alivyotufunda. Ilikuwa kahawa ya Kivu, isiyo na doa, na sikusikia ladha yoyote.

"Ikoje?" Baba akauliza.

"Nzuri, Baba."