Kivuli cha Ukuta wa Mashariki

Kazi yangu ni kuangusha mawe. Nikisema hivyo nyumbani watu hucheka, lakini ndivyo ilivyo: tunapanda juu ya ukuta wa shimo la dhahabu, tunasukuma mawe tuliyoyapaka rangi, kisha tunashuka kutazama yalikoishia. Hapo ndipo tunapochora mstari, na kati ya mstari huo na ukuta mtu haruhusiwi kukanyaga. Nimeifanya kazi hii Kahama, sasa naifanya Geita, na magoti yameanza kunigomea.

Taabu si mawe. Taabu ni kivuli. Kule shimoni hakuna mti, na jua la huku halina mzaha. Saa nne, wakati wa chai, kivuli ni kimoja tu: ukanda mwembamba chini ya ukuta wa mashariki, ndani kabisa ya mstari wangu. Wachorongaji, wale wanaotoboa mwamba kwa ajili ya baruti, walikuwa wakikaa hapo na maandazi yao. Nilifoka. Nilibembeleza. Niliomba turubai, likafungwa mbali na ukuta. Wakasema chini yake kuna joto kama tanuri. Nikifoka waliinuka kwa heshima zote, "Samahani, mayu," yaani mama kwa Kisukuma, na kesho yake nawakuta palepale. Ilinikera mno.

Asubuhi moja, mvua ilipokatika, jiwe likachomoka lenyewe. Likadunda mara moja na kutua pale pale wanapokaa. Chai ilikuwa bado, hakukuwa na mtu. Vumbi lilipotulia nilijikuta nimekaa chini nalia, na katika kilio hicho, nitasema kweli, mlikuwa na nafuu: sasa wameona. Sasa nitapumzika. Nikafunga eneo lote kwa utepe mwekundu.

Kesho yake saa nne wachorongaji walikuwa wameuvuka utepe. Wawili walikuwa wameliegemea jiwe lenyewe.

"Usihofu tena, mayu," mkubwa wao aliniambia kwa upole. "Lililokuwa lianguke limeshaanguka. Hapa pameshapoa."

Nilitazama juu. Pale lilipochomoka pamebaki tundu, na mwamba wa juu yake haukuwa tena na pa kuegemea. Nikawaonyesha kwa kidole. Wakatazama wote, kisha wakanitazama mimi, wakatikisa vichwa kwa kunihurumia jinsi nilivyochoka. Wakasogea, wakanitengea nafasi nami nikae.