Baba Anakuita

Siku hizi kila mlango hapa mjini Kisii ni simu tu. Hata hili duka lilikuwa baa. Kaunta ni ileile. Mbao yake bado ina maduara yaliyoachwa na chupa, na baba yangu, mzee sasa, anayapapasa huku nikinunua chaja.

Nilikuwa mdogo. Mama, Msabato asiyekanyaga baa, alinituma nimwite baba. Kwa Kigusii, mama ndiye tunayemwita "baba". Baba ni "tata". Mlangoni palinuka bia na unga wa mbao uliomwagwa sakafuni. Nikajikaza kusema Kiswahili cha mjini:

"Baba anakuita!"

Mhudumu, mgeni kutoka pwani, akashangaa. "Baba yupi tena? Si baba yako huyu hapa, kakaa?"

Wanaume walicheka wakipiga meza. Tangu jioni hiyo, aliyetaka kwenda kwake aliinuka akisema, "Jamani, baba ananiita," na hakuna aliyemzuia.

Baba anaondoa mkono kwenye kaunta.

"Twende," ananiambia. "Baba anatuita."

Namshika mkono, tunatoka. Ufunguo wa nyumba ninao mfukoni. Siku hizi hakuna wa kutufungulia.