Feruzi Iliyogeuka Kijani Kidoleni Mwangu

Nilipokea pete ya mwenzangu kwa kudhani kwamba kuikataa kungekuwa utovu wa adabu. Kosa langu ni hilo tu, lakini nitalieleza polepole, kwa sababu hata mume wangu hakulielewa mpaka nilipomsimulia mara ya tatu.

Nina kibanda cha kushona nguo katika ukumbi wa maduka upande wa Oakdale, huku Minnesota. Kando ya cherehani nauza udi, halwaridi na mafuta ya nazi. Kibanda kinachopakana na changu ni cha mama mmoja wa Kiafghani anayeuza vito vya fedha: vikuku, vipuli, mikufu mizito ya kifuani. Yeye ametoka Kabul, mimi Mombasa, na Kiingereza chetu sote wawili ni cha kuungaunga. Siku ya kwanza alinionyesha mawe yake moja moja huku akiyataja, nami nikawa nayadaka kabla hajamaliza. Feruzi kwao ni firuza. Akiki ni akiki. Yakuti, zumaridi, tulikwenda hivyo mpaka tukashikana mikono tukicheka, kama watu waliokutana harusini wakagundua kuwa ni binamu. Tangu siku hiyo aliniita "dada jan". Neno la kwanza nilimfundisha mimi, la pili ni lake, na maana yake ni mpenzi.

Alinifundisha mengi, nami napenda kufundishwa ili nipate kuwafundisha wengine. Lajiwardi, lile jiwe la buluu iliyokoza lenye chembe kama za dhahabu, huchimbwa kwao milimani, na wazee wake walisema humtuliza mwenye huzuni na kumfanya mtu aseme kweli. Akiki nyekundu humpa mvaaji moyo, na wengi kwao huipenda kwa kuamini kwamba Mtume alivaa pete yenye jiwe la Uhabeshi la namna hiyo. Hapo nilijivuna kidogo, maana Uhabeshi ni jirani yetu. Feruzi ndiyo mlinzi. Jicho la hasidi likija, feruzi hulipokea kabla halijamfikia mtu, na jiwe likigeuka rangi, ujue mvaaji ana maradhi au hatari iko njiani.

"Lakini anayelinda ni Mungu," alisema kila mara, akiinua kidole. "Jiwe linakukumbusha tu."

Kwenye kidole hicho ndiko ilikokuwa pete. Ilikuwa ya fedha iliyochakaa, na feruzi yake ilikuwa na buluu ambayo sijaiona tena. Asubuhi moja ya Oktoba nikashindwa kujizuia.

"Mashallah, bibie! Pete hii ni nzuri ajabu."

Akaivua pale pale. "Ni yako, dada jan."

"Hapana, siwezi!"

"Wallahi ni yako. Mbele yako wewe haina thamani hata kidogo."

"Aa, bibie, hapana."

"Ichukue. Utanivunja moyo."

Sasa sikiliza. Katika nyumba niliyolelewa mimi, zawadi hukataliwa mara mbili. Mara ya kwanza kwa haya, ya pili kwa heshima. Ukikataa mara ya tatu umemwambia mwenyeji kwamba kitu chake hakikufai. Nikahesabu: moja, mbili. Nikanyoosha kidole.

Alinivisha mwenyewe, akatabasamu, kisha akarudi kupanga vipuli ambavyo vilikuwa vimepangwa tayari.

"Umepewa au umenyang'anya?" mume wangu aliuliza jioni hiyo.

"Nimepewa. Nimekataa mara mbili."

"Basi umepewa," akasema, akarudia chai yake. Naye ni mtu wa Mombasa.

Baridi ikaingia. Hapa Minnesota ngozi ya mikono hupasuka kama udongo wa kiangazi, nami kila asubuhi najipaka mafuta ya nazi mpaka kwenye viwiko, kisha natia halwaridi kidogo ili wateja wasidhani wameingia jikoni. Nadhani ilikuwa wiki ya pili ya Januari nilipoitazama pete chini ya taa ya cherehani. Haikuwa buluu tena. Ilikuwa kijani, kijani cha bamia.

Nilikwenda kwa daktari. Si jambo ninalojivunia.

"Una dalili gani?" aliuliza yule kijana mpole.

"Pete yangu imegeuka rangi."

Akaandika kitu kirefu sana. "Na kidole?"

"Kidole ni kizima."

"Na wewe mwenyewe?"

Nilipimwa damu, moyo, macho. Niliambiwa ni mzima kabisa, ila nipunguze sukari kwenye chai. Nikarudi kazini na afya njema na hofu ile ile. Jirani yangu sikumwambia, maana sikutaka kumtia wasiwasi, naye hakuona. Tangu ile Oktoba alikuwa hatazami mkono wangu kabisa. Nilidhani ni unyenyekevu.

Kisha binti yake akaja kupunguziwa gauni la nikahi, gauni la kijani kama desturi yao ilivyo. Msichana amekulia hapa na anasomea uuguzi. Ananiita khala, yaani mama mdogo, kama sisi tusemavyo halati. Nilikuwa nimepiga magoti nikitia pini kwenye pindo alipoiona pete, na machozi yakaanza kumtoka juu ya kichwa changu.

"Khala jan, usimwambie mama. Bibi alimvisha pete hiyo siku ya nikahi yake. Mimi nilikuwa niivae Jumamosi ijayo. Mama analia bafuni akidhani hatumsikii."

Pini zilikuwa mdomoni. Nilizitema. "Mbona basi alinipa?"

"Hakukupa. Alisema ni yako."

"Tofauti ni nini?"

"Ukisifu kitu kwetu, mwenyewe lazima aseme ni chako. Na wewe lazima ukatae."

"Nilikataa mara mbili!"

Hapo akaanza kucheka huku analia. "Mara mbili, khala? Unatakiwa ukatae mpaka achoke!"

Nikasimama nikamrudishie mama yake saa ile ile. Msichana akanishika mkono. Nikimrudishia, alisema, nitakuwa nimemwambia kwamba zawadi yake si kitu, na ataapa kwa kila kilicho kitukufu kwamba haitaki. Nikafikiri. Kama kusifu ndiko kulikoitoa pete kwake, kusifu kunaweza kuirudisha. Ilikuwa lazima yeye aisifu.

Siku tatu nzima nilijaribu. Nilimmiminia chai kwa mkono wenye pete. Nilipunga mikono nikiongea mpaka mteja mmoja akarudi nyuma. Mwenzangu alitazama dari. Alisifu chai. Alisifu mkasi wangu. Alisifu hali ya hewa, na nje kulikuwa na barafu mpaka magotini.

"Mkono wangu leo unauonaje?" nikamuuliza hatimaye.

"Una nguvu, mashallah," akajibu akiangalia upande wa choo.

Nilielewa kwamba anajua hasa ninachotafuta, na kwamba adabu haimruhusu, kwani kuisifu kungekuwa sawa na kuidai. Ilikuwa Alhamisi. Siku mbili zilibaki. Nikaenda kwenye kibanda chake, nikaweka mkono wangu juu ya kioo cha meza yake, chini ya taa yake kali ya sonara, nikanyamaza. Kwangu mimi kunyamaza ni kazi ngumu.

Akatazama. Akashtuka.

"Dada jan! Tangu lini?"

"Yapata wiki mbili. Nimekwenda hospitali."

Alinivua pete kwa haraka. Akaitazama kwa kile kioo kidogo cha jichoni cha masonara, akaifuta kwa kitambaa, akaigeuza. Kisha akaipeleka puani. Akanusa. Akanusa tena. Macho yake yakapita begani kwangu, taratibu, mpaka kwenye rafu yenye chupa za mafuta ya nazi, na hapo nami nikajua ninaumwa nini. Sonara wa miaka mingi hahitaji kuambiwa kwamba feruzi hunywa mafuta ikageuka kijani.

Kinywa changu kilifunguka nieleze.

"Limekulinda," alisema kabla sijaanza, uso wake mkavu kama wa kadhi. "Limekunywa mabaya yote ya baridi hii. Sasa jiwe limechoka. Likichoka hurudi kwenye nyumba yake kupumzika."

Nikakifunga kinywa. "Basi lirudi, bibie."

"Lakini ni lako."

"Hapana."

"Wallahi ni lako, dada jan."

"Hapana, bibie, hapana."

"Utanivunja moyo!"

Mteja alikuja kuchukua suruali yake, akasubiri, akaondoka. Tuliendelea. Nilikataa kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, na kwa mikono yote miwili nyuma ya mgongo, mpaka mwenzangu akakaa kwenye kiti chake akihema, pete imo ndani ya ngumi yake, na ngumi iko kifuani.

Jumamosi mchana bibi harusi aliivaa. Kijani cha jiwe kililingana na gauni hata wageni wakadhani ilichaguliwa makusudi. Mama yake aliwaeleza kwa lugha yao, akininyooshea mkono, na sikuelewa alichosema mpaka ajuza mmoja aliponisogelea, akanishika paji la uso, akanisomea dua, akaamuru niletewe sahani ya pili ya wali wenye zabibu na karoti. Wakaja na wengine, mmoja mmoja, kunipa pole kwa maradhi yangu makubwa na kunipongeza kwa kupona. Nilimtafuta mwenzangu kwa macho anisaidie. Alikuwa anatazama dari, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Nikawashukuru wote, nikasema naendelea vizuri, nikala.