Okei ya Nyumbani Kwetu

Kwetu Mambrui kuna wazee wasiotaka Kiingereza kiingie sebuleni. Mtoto akisema "bai" anarudishwa mlangoni aage upya kwa adabu. Lakini wazee hao hao, ukiwauliza wameamkaje, watakujibu, "Okei, alhamdulillahi." Neno hilo moja liliingia bila kupiga hodi na hakuna aliyelitoa nje.

Mimi nalichukia, na nina haki ya kulichukia. Nafanya kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja ng'ambo ya Mnarani, Kilifi. Msimamizi wetu hulibandika mwisho wa kila amri: "Shuka za vyumba vya juu zitoke kabla ya saa nne, okei?" Ukidhani anakuuliza, jaribu kumjibu la. Mpishi hulisema mara mbili akiwa amekasirika, na hapo bora usimsogelee. Kaka yangu hulitumia kufunga simu hata kama hujamaliza kusema. Na daktari aliyempima dada yangu alilisema polepole huku akiandika, "Okei... okei...", bila kututazama. Mimi na dada tukaangaliana. Hatukuhitaji kusoma karatasi ile.

Dada alinizidi miaka sita. Mumewe alikuwa ameshafariki, naye alikuwa amerudi kuishi katika nyumba ya wazazi wetu, pamoja na kaka na mkewe. Ugonjwa ulianza kwenye titi la kushoto, akauficha mpaka ngozi ikapasuka. Alinionyesha mimi peke yangu. Wengine waliambiwa ni presha, na kwamba vidonda vya tumbo ndivyo vinavyomkondesha. Siku zangu za mapumziko nilikwenda Mambrui kumsafisha na kumfunga bandeji, tukifukiza udi mwingi ili harufu isitoke nje ya chumba. Nikitoka na beseni nimelifunika kwa kanga, mke wa kaka alikuwa akiniuliza pale ukumbini, "Wifi, dada leo yuko vipi?"

"Okei," nilimjibu kila mara, nikapita.

Siku moja nikiwa nafunga bandeji, dada alinishika kifundo cha mkono.

"Siku yangu ikifika, nioshe wewe. Sitaki wifi alione hili. Sitaki mtu yeyote alione."

Nikamwambia asiseme maneno hayo. Akakaza mkono.

"Niahidi."

Nikamwahidi. Kwetu mwanamke akifa huoshwa na wanawake wake wa karibu, mlango umefungwa, na anayeosha hasimulii alichokiona. Dada alilijua hilo vizuri. Lakini alikuwa mtu wa haya tangu utotoni, hata kanga alikuwa akibadilisha ndani ya kanga nyingine, na aibu yake haikutaka kusikia habari za siri ya waoshaji. Kitu pekee alichoniomba katika ugonjwa wote ule kilikuwa hicho.

Sasa lazima nieleze desturi yetu, maana bila hiyo mtu ataona watu wetu ni wakatili, na si wakatili. Kwetu msiba hautangazwi kwa simu kwa mtu aliye mbali. Utaambiwa mgonjwa yupo, hali imebadilika kidogo, njoo umwone. Watu wanaogopa usije ukaanguka njiani mikononi mwa wasiokujua. Ukifika, ukiona viatu vingi mlangoni, ndipo unapojua, na hapo tayari kuna mikono ya kukupokea. Mimi mwenyewe nimewahi kumwita binamu yangu kwa maneno hayo, na babake keshakatiwa sanda.

Kwa hiyo ningepaswa kuelewa. Lakini mwezi ule wifi alikuwa ameniita mara tatu, na mara zote tatu nilimkuta dada ameketi kitandani akinywa uji, akinicheka kwa jasho langu.

Ilikuwa Jumatano, saa mbili asubuhi, mashine zote zikizunguka. Wifi akapiga.

"Dada vipi?" nikamuuliza baada ya salamu.

"Yuko okei. Lakini njoo."

"Nije sasa hivi?"

"Njoo tu, wifi."

"Hebu apa kwamba yuko okei."

"Haya, mashine zako zapiga kelele, sikusikii vyema." Akakata.

Hakuapa. Wifi ni mwanamke anayeapa hata kuhusu bei ya nyanya, na asubuhi ile hakuapa. Niliisikia simu ikikatika, nikairudisha mfukoni. Wageni wengi walikuwa wanaingia siku hiyo, na msimamizi alisema nikimaliza shuka za juu naweza kwenda. Nikazimaliza. Nilizikunja moja moja, tena nilizikunja vizuri, pembe kwa pembe, na mpaka leo nikiziona shuka nyeupe zimepangwa vile nageuza uso. Nilitoka saa nne na nusu.

Saa tano, nikiwa njiani, kaka akapiga. "Umefika wapi?"

"Ndiyo kwanza nimeipita Takaungu... hapana, nasema nini, naelekea Gede. Dada yuko vipi?"

"Okei," akasema, akakata.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba walikuwa wamenisubiri mpaka dakika ile. Maji yalikuwa yameshapashwa moto, yakapoa, yakapashwa tena. Dada alikuwa amefariki alfajiri, na kaka hakutaka adhuhuri ipite bila kumzika. Aliposikia bado niko mbali, akawaambia wanawake waanze.

Nilipofika, viatu vilikuwa vingi mlangoni, vya kike vitupu. Wanaume walikuwa wameshaondoka na jeneza. Nikapita moja kwa moja mpaka uani. Mchanga ulikuwa bado umelowa pale maji yalipotokea, unanuka karafuu maiti, na beseni letu, lile nililokuwa nikilifunika, lilikuwa limeegemezwa ukutani likikauka.

Nilipiga kelele. Sitajitia ustaarabu hapa, nilipiga kelele mpaka majirani wakaingia.

"Mmenifanya nini? Mmenifanya nini nyinyi?"

"Wifi, tulihofia usije ukaanguka njiani," mke wa kaka akasema.

"Ningeanguka! Ningeanguka, nikainuka, nikaja!"

"Mimi nilikwambia njoo."

"Ulinambia yuko okei!"

Akanishika mkono, akanivuta mpaka chumbani kwa dada, akafunga mlango. Godoro lilikuwa limeshatolewa. Macho yake yalikuwa mekundu, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe kwetu alinisemesha kwa hasira, tena kwa sauti ya chini ili walio nje wasisikie.

"Na wewe je? Mwaka mzima watoka humu na beseni, nakuuliza, waniambia okei. Leo nimefunua ile shuka, wifi. Nimefunua bila mtu kuniandaa. Mimi niliyekuwa nikimpikia, nalala chumba cha pili, nasikia akiguna usiku, najiambia ni tumbo. Mulinionaje? Kwamba ningemcheka?"

Nikamuuliza walikuwa wangapi humo ndani. Akasema wanne walipaswa kuwa, lakini alipoona, aliwatoa watatu nje wakabaki kumpa maji kupitia pazia, akamwosha peke yake.

"Sijamwambia mtu na sitamwambia," akasema. "Hata kakako."

Niliona aibu, aibu nzito ya kumshinda hata dada mwenyewe. Nilitaka kumshukuru na nilitaka kumpiga. Tukakaa chini kwenye sakafu, yeye na mimi, mpaka wanawake wakabisha mlango wakaingia kutupa pole.

Tulikuwa bado hapo simu ya dada ilipolia dirishani. Alikuwa bintiye, mtoto wake wa pekee, anayefanya kazi za nyumbani Uarabuni. Kila siku mwajiri wake akilala baada ya chakula cha mchana alikuwa akimpigia mama yake. Kaka alikuwa ameshaagiza kwamba binti asiambiwe, mpaka atafutwe mtu wa kwetu aliye huko, amwendee na kumweleza ana kwa ana.

"Mwambie mama amelala," mmoja akaninong'oneza.

Nikapokea.

"Mama?"

"Ni mimi, mama mdogo wako."

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama yuko wapi? Yuko okei?"

Wifi alinitazama akatikisa kichwa, polepole, akiniomba. Nilimwona. Lakini nilikuwa nimelichoka neno lile, nimewachoka wote, nimejichoka na mimi. Nikajiambia kwamba huyu angalau hatafanyiwa kama nilivyofanyiwa.

"Mama yako amefariki, mwanangu. Alfajiri ya leo. Wamekwenda kumzika."

Hakulia. Nilisikia bomba la maji likifunguliwa kwa nguvu upande wake, maji yakigonga sufuria. Kwa mbali mwanamke akaita, naye akamwitikia kwa Kiarabu, kwa sauti laini ya heshima, kama vile hakuna kilichotokea. Kisha akairudisha simu karibu na mdomo, akaninong'oneza huku maji yakiendelea kumwagika.

"Mama mdogo, kwa nini umeniambia? Mimi hapa sina hata mtu mmoja wa kunishika."

Simu ikakatika. Niliishusha, na hapo ndipo nilipotambua kwamba wanawake wawili walikuwa wamenishika, mmoja kila bega, na kwamba walikuwa wamenishika hivyo muda wote.