Jirani Aliyeogopa Mionzi

Habari ya msiba ilinifikia Jumamosi asubuhi, chai ingali mezani: jirani yetu wa Mikindani, mama aliyewashonea watoto wetu sare za shule, amefariki. Wasomaji wangu mmekuwa mkiniuliza mtu atajuaje yapi ya mtandaoni ni ya kuaminika. Leo nawajibu kwa kisa chake, maana tangu jana sina utulivu.

Alipofanyiwa upasuaji wa saratani ya titi, aliambiwa kinachofuata ni tiba ya mionzi. Hakwenda. Miezi ikapita. Nilipomtembelea nilimkuta mjukuu wake mchanga akilia mkekani, naye amejitenga kwenye kiti, anamtazama tu.

"Mama, mbona humpakati?"

"Nimepigwa eksirei, mwanangu. Nasikia mionzi hubaki mwilini. Nisije nikamdhuru mtoto. Ndiyo maana hata ile tiba sikuiendea." Akanipa simu yake nione video aliyotumiwa. Mtu mwenye koti jeupe alitisha weee, kisha mwishoni akatangaza unga wa mizizi anaouza. "Wewe ni mtu wa kusoma," akaniambia. "Nitafutie penye ukweli, nami nielewe."

Nikatafuta, na kila nilipoandika neno mionzi nikaletewa dawa za miujiza na minara ya simu inayodaiwa kuua ndege. Kwa Kiswahili sikuona somo hata moja la maana. Mwishowe nikaangukia masomo ya bure ya chuo kikuu kimoja cha ng'ambo, kwa Kiingereza. Mhadhiri yule hakuuza kitu. Alieleza kwamba mawimbi ya redio, mwanga wa jua na eksirei vyote ni mawimbi ya sumakuumeme, yanayotofautiana urefu na nguvu. Akakiri pia kwamba eksirei ikizidi hudhuru, ndiyo maana hupimwa kwa uangalifu. Nikamtafsiria, naye akinisimamisha kila sentensi.

"Kwa hivyo ni kama taa? Ukishaizima, mwanga haubaki chumbani?"

"Ndivyo nilivyoelewa, Mama, lakini mimi si daktari. Twende ukaulize."

Tukaenda. Hospitalini, mtaalamu wa mashine ya mionzi akamjibu bila haraka: mashine hii ikizimwa, hakuna mionzi inayobaki mwilini. Jioni ile alimpakata mjukuu mpaka mtoto akalala. Akaanza tiba, akaimaliza, lakini ugonjwa ulikuwa umekwisha kusambaa. Kama angewahi angepona? Hakuna anayeweza kuniambia, na swali hilo haliniachi.

Nilichojifunza ni kwamba somo jema halimwachi mtu na hofu tupu. Humpa swali la kwenda kumwuliza anayemtibu. Nina wasiwasi kwamba hivi sasa yuko mwingine, Likoni au Kisauni, amekaa nyumbani na simu yake, siku ya hospitali inampita. Wanaotutisha hututisha kwa Kiswahili fasaha. Enyi walimu wa fizikia, tufundisheni kwa Kiswahili hichohicho, na mtuwahi.